Mali walitoka kwa mikimbio 6: mashindano ya timu changa yanamsaidia nani?

SWALI: Habari za kazi, Kocha. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari ya kutwa mkoani Morogoro. Mwaka jana tulianzisha kriketi ya wasichana kwa vifaa vya msaada, na mmoja wao, yuko kidato cha pili, ana mkono mzuri sana wa kurusha. Ameitwa kwenye majaribio ya vijana Dar es Salaam. Baba yake alinifuata shuleni na simu mkononi akanionyesha habari ya mashindano ya wanawake ya Kigali: Mali walitoka wote kwa mikimbio 6, yaani alama sita za timu nzima, halafu Uganda wakawashinda kwa tofauti ya mikimbio 304. Akaniuliza, "Mwalimu, huu ndio mchezo unaotaka binti yangu akaupotezee muda?" Nilikosa la kumjibu. Mashindano haya ya nchi ambazo hazina jina kwenye kriketi yana faida gani? Na kwa nini yaitwe ya kimataifa?

JIBU: Nzuri, mwalimu. Mwambie huyo mzee kwamba alichosoma ni kweli, hakuna aliyetia chumvi. Ukianza kwa kuzipunguza makali zile namba hatakusikiliza kwa mengine, kwa hiyo tuzitazame kama zilivyo.

Yalikuwa mashindano ya Kwibuka ya Juni 2019, kwenye uwanja wa Gahanga, Kigali. Timu zilikuwa nne: wenyeji Rwanda, Uganda, Tanzania na Mali. Tarehe 18 Mali walicheza na Rwanda wakatoka wote kwa mikimbio 6, idadi ndogo kuliko zote zilizokuwa zimewahi kuandikwa hadi siku hiyo katika mechi ya kimataifa ya wanawake ya T20, ile ambayo kila timu hupata ova 20 za mipira sita sita. Rwanda walimaliza kazi kwa mipira minne. Siku mbili baadaye Uganda walipiga 314 kwa wiketi 2, yaani wapigaji wawili tu wakitolewa, Prosscovia Alako akiwa na 116 na Rita Musamali 103 bila kutolewa, kisha Mali wakatoka kwa 10. Na sisi Watanzania hatukuwa watazamaji: tuliwapiga Mali 285 kwa wiketi 1, wakajibu kwa 17. Kombe la mwaka ule tulilichukua sisi.

Sasa ichukue karatasi ya alama ya ile mechi ya mikimbio 6 uisome kama mwalimu wa michezo. Kati ya ile 6, mkimbio uliotokana na gongo ni mmoja tu. Mitano iliyobaki ni ya ziada, yaani ile inayopatikana bila mpigaji kuugusa mpira kwa gongo lake. Hapo kila mtu anacheka na kufunga simu. Lakini tazama safu ya ova: Mali walikaa uwanjani ova tisa. Ova moja ni mipira sita, kwa hiyo walikabiliana na mipira 54 hivi. Wiketi ni kumi. Maana yake zaidi ya mipira arobaini ilirushwa bila kumtoa mtu, na bado gongo likazaa mkimbio mmoja. Timu isiyoweza kabisa kuuzuia mpira usiguse vijiti vya nyuma ya mpigaji, ambavyo vikigongwa anatoka, haifiki ova ya tisa mbele ya warushaji wa Rwanda. Wale wasichana walikuwa wamefundishwa kuzuia. Walichokuwa hawajafundishwa ni kukimbia.

Nikae hapa kidogo, kwa sababu jibu lako lote limo humu. Mkimbio kwenye kriketi ni makubaliano ya watu wawili. Mpigaji anaugusa mpira, unabiringika hatua kadhaa, na mara hiyo hiyo yeye na mwenzake aliye upande wa pili lazima waamue kama wanabadilishana ncha au wanabaki. Kuna wito wa kwenda, wa kukataa na wa kusubiri. Mmoja anaita, mwingine anatii bila kujadili. Msichana mgeni anauzuia mpira vizuri, halafu anasimama kuutazama unavyokwenda. Mwenzake naye anautazama. Wakija kutazamana, mdakaji ameshaufikia. Hakuna aliyekosea mkono wala jicho, hawakuitana, basi. Na kuitana hakufundishiki kwenye wavu wa mazoezi, kwa sababu kwenye wavu mpigaji yuko peke yake, hana mwenzake wala mdakaji wa kumkimbilia. Kunafundishika kwenye mechi, mbele ya watu wanaotaka kukutoa kweli.

Upande wa kurusha mambo ni yale yale. Zile 314 za Uganda na 285 zetu ni jumla za ajabu, ila zimeshapitwa. Machi 2022 Bahrain walipata 318 dhidi ya Saudi Arabia, na Oktoba 2023 Argentina wakapiga 427 kwa wiketi 1 dhidi ya Chile. Katika zile 427 hakuna sita hata moja, hakuna mpira uliovuka mpaka hewani. Zilitoka wapi? Warushaji wa Chile walirusha mipira haramu 64. Mrushaji mchanga akibanwa anaongeza kasi, na akiongeza kasi ama mguu wake unavuka mstari, ama anauachia mpira mapema ukamfikia mpigaji juu ya kiuno bila kudunda. Vyote viwili mwamuzi anavikataa: upande wa pili unapewa mkimbio, mpira unarudiwa, na unaofuata mpigaji anaupiga huku karibu hakuna namna ya kumtoa. Akikosea na huo, tunaanza tena. Ova ya mipira sita inageuka ya kumi, ya kumi na tano, na binti amesimama katikati ya uwanja wenzake wakimtazama. Kwa hiyo tofauti ya mikimbio 304 haisemi kwamba timu moja ni bora mara mia tatu. Kosa dogo la mguu na mkono likirudiwa kila ova, hesabu inalikuza. Wewe unaweza kulirekebisha kwa msimu mmoja ukiwa na mechi za kutosha.

Kuhusu kuitwa ya kimataifa. Mpaka katikati ya 2018 hadhi hiyo ilikuwa ya kundi dogo la nchi. Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, likaamua kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2018 kila mechi ya T20 ya wanawake kati ya timu za taifa za nchi wanachama ihesabiwe kuwa ya kimataifa. Wanaume walifuata Januari 2019. Oktoba 2018 ikatoka orodha ya kwanza ya ubora wa timu za wanawake iliyojumuisha nchi hizi zote, na ilikuwa na timu 46. Watu wengi waliudhika kwamba vitabu vya rekodi vitajaa namba za kuchekesha, na kweli zimejaa. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi kabisa. Kabla yake msichana wa Uganda au wa Tanzania angeweza kufunga mikimbio mia akiwa na jezi ya taifa na isiingie kwenye hesabu ya kimataifa. Leo mia ya Alako imeandikwa mahali pale pale zinapoandikwa za Waaustralia. Bei yake ni kwamba sita ya Mali nayo imeandikwa. Huwezi kutaka moja ukaikataa nyingine.

Na kama mzee anadhani haya ni mambo ya wasichana, mpe habari za wanaume. Februari 2023 Isle of Man walitoka kwa mikimbio 10 mbele ya Hispania. Novemba 2024, Lagos, Ivory Coast walitoka kwa 7 dhidi ya Nigeria iliyokuwa imepiga 271. Ni wanaume wazima wa timu za taifa. Ugeni kwenye kriketi haubagui.

Tena haukuanza na nchi zetu. Februari 1935 wanawake wa New Zealand walicheza mechi yao ya kwanza kabisa ya kimataifa, nyumbani kwao Christchurch, dhidi ya Uingereza. Walitoka kwa 44. Uingereza wakapiga 503 kwa wiketi 5, Betty Snowball peke yake akafikisha 189, yaani zaidi ya mara nne ya timu nzima ya wenyeji. Mtu angeweza kumuuliza mwalimu wa Christchurch swali lile lile uliloulizwa wewe. New Zealand wakaendelea kucheza. Mwaka 2000 walichukua Kombe la Dunia la ova 50, na Oktoba 2024, Dubai, wakachukua Kombe la Dunia la T20. Sisemi Mali watakuwa New Zealand. Nasema namba ya siku ya kwanza haikutabiri chochote kule, na sioni kwa nini itabiri hapa.

Kinachotabiri ni mechi ya pili, na ya kumi, na ya hamsini. Ndiyo sababu nayaheshimu sana mashindano ya Kwibuka.

Rwanda hawakuwa na kriketi ya kusema kabla ya 1994. Iliingia na watu waliorudi nyumbani baada ya mauaji ya kimbari, wengi wao wakiwa wamekulia Uganda, Kenya na Tanzania ambako mchezo ulikuwepo. Chama chao kilianza 1999. Kwa miaka mingi uwanja wao ulikuwa Kicukiro, kwenye eneo la shule ya ufundi ambako Aprili 1994 maelfu ya Watutsi walikuwa wamekimbilia ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, na askari wale walipoondoka wakauawa. Ndipo ilipochezwa kriketi ya Rwanda katika miaka yake ya mwanzo. Mwaka 2014, nchi ilipotimiza miaka 20 tangu mauaji yale, wakaanzisha mashindano ya wanawake ya kuwakumbuka waliouawa. Hufanyika ndani ya zile siku mia za maombolezo zinazoanza tarehe 7 Aprili, kwa kawaida mwezi Juni.

Uwanja wa Gahanga ulifunguliwa Oktoba 2017, na fedha zake zilitafutwa kwa kila njia. Mei 2016 nahodha wa wanaume, Eric Dusingizimana, alikaa kwenye wavu akipiga mipira kwa saa 51 ili dunia iwasikie. Februari 2017 Cathia Uwamahoro, mchezaji wa timu ya wanawake, naye alipiga kwa saa 26. Ukiziona picha za jengo la Gahanga, yale matao matatu ya vigae vya udongo, jua kwamba kuna msichana aliyesimama na gongo usiku kucha ili yajengwe. Mzee akiuliza kama mchezo huu una watu wanaouchukulia kwa uzito, mwanzie hapo.

Kisha fuatilia matunda. Mashindano yanarudi kila mwaka. 2020 tu hayakuchezwa kwa sababu ya korona. Tanzania tulishinda 2019. Mwaka 2021 Kenya waliwafunga Namibia kwenye fainali. Mwaka 2022 zilikuja timu nane, pamoja na Brazil na Ujerumani kutoka mbali, na fainali ikawa ya Tanzania na Kenya, tukashinda tena. Wenyeji wakawa wanaandaa, wanapokea wageni, wanafungwa kwenye uwanja wao wenyewe, wanajipanga upya. Januari 2023 wasichana wa Rwanda walio chini ya miaka 19 walikwenda Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia la kwanza la umri huo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu yoyote ya Rwanda kufika Kombe la Dunia la kriketi. Waliwafunga Zimbabwe kwa mikimbio 39, Henriette Ishimwe akitoa wapigaji wanne kwa mipira minne mfululizo, kisha wakawafunga West Indies wakiwa bado na wiketi 4 mkononi. West Indies, mwalimu, wakongwe wa Karibiani! Juni ya mwaka huo huo wakubwa wao wakalichukua kombe la Kwibuka kwa kuwashinda Uganda.

Hakuna kambi ya mafunzo inayoleta hilo peke yake. Limeletwa na mashindano yanayofahamika yatakuwepo mwakani, ili kocha apange na mchezaji ajue anafanyia mazoezi kitu gani. Msichana aliyekosa kuitana Juni hii anajua Juni ijayo atasimama tena mahali pale pale. Mazoezi bila mechi ni kama kukariri salamu za lugha usiyo na wa kuzungumza naye.

Hapa ndipo ninapokubaliana na mzee, ila kwa sababu tofauti na yake. Nimepitia orodha za timu za Kwibuka za 2021, 2022 na 2023. Mali hawamo. Hilo linaniuma kuliko sita yao. Timu changa inaitwa, inapigwa siku kadhaa mfululizo, picha zinasambaa, halafu mwaka unaofuata haiko kwenye ratiba. Hapo umechukua machungu yote ya mchezo ukaacha faida yake. Mwandaaji anayeialika timu ya kwanza kabisa kutoka nchi mpya angepaswa kupanga hapo hapo ziara yake ya pili. Na siku zile za kwanza angeipa mechi za kirafiki na kikosi cha pili cha wenyeji kabla ya kuiingiza kwenye mechi za hadhi. Ni jambo dogo tu, na gharama yake ni siku mbili za uwanja.

Afrika kwa upande wa michuano ya kufuzu imeanza kulirekebisha hili kwa kugawa madaraja. Mwaka 2023 timu za daraja la pili zilicheza kwanza zenyewe, Kenya na Botswana wakapanda, na Desemba wakaungana na wakubwa Entebbe. Zimbabwe na Uganda wakatoka hapo kwenda michuano ya dunia ya kufuzu kule Abu Dhabi 2024. Septemba 2025 michuano ya Afrika ilikuwa Windhoek, na nafasi mbili zilikwenda kwa Zimbabwe na Namibia. Tanzania tulikuwemo, hatukuvuka. Lakini Novemba mwaka huo ICC waliandaa kwa mara ya kwanza kombe la wanawake la mataifa yanayochipukia, Bangkok, timu nane tu: wenyeji Thailand, Uholanzi, Scotland, Papua New Guinea, Falme za Kiarabu, Namibia, Uganda na Tanzania. Kati ya nane, tatu za Afrika, na mbili kati ya hizo ni zile zilizokuwa Gahanga 2019. Walioziona Tanzania na Uganda zikirundika mikimbio juu ya Mali siku zile waliona mwisho mmoja wa ngazi. Bangkok ndiyo hatua za juu zake, mahali ambapo sisi ndio tunaobanwa.

Tena wenyeji wa Bangkok ni mfano mzuri kwa msichana wako. Thailand si nchi ya kriketi. Baadhi ya wachezaji wake wa mwanzo walitoka kwenye softiboli, wakahamisha mikono yao ya kurusha na kudaka. Kati ya Julai 2018 na Agosti 2019 walishinda mechi 17 za T20 mfululizo, rekodi iliyowapita hata Australia. Mwaka 2020 walicheza Kombe la Dunia Australia, na hawakushinda mechi hata moja. Oktoba 2022, kwenye Kombe la Asia, wakawafunga Pakistan. Msichana anayetupa mkuki au anayecheza mpira wa mikono shuleni kwako anayo nusu ya kazi tayari.

Nafasi nazo zinaongezeka. Kombe la Dunia la T20 la wanawake lilikuwa na timu 10 mwaka 2024, mwaka 2026 Uingereza ni timu 12, na ICC imeshapanga 16 kwa mwaka 2030. Binti wa kidato cha pili leo atakuwa kwenye umri wa kuchezea taifa kombe hilo likifika. Tanzania bado hatujawahi kufika kule kwa wakubwa, na sitaki umwambie mzee kwamba ni hakika. Mwambie mlango ni mpana kuliko ulivyokuwa kwa kina Fatuma Kibasu walioanza kuibeba timu hii miaka ambayo mechi zao nyingi hazikuwa hata na hadhi.

Kuhusu fedha, usimwahidi chochote. Kwenye nchi hizi zinazochipukia wachezaji wengi wa kike ni wanafunzi au wana kazi nyingine. Kuna wanaojaribu njia tofauti: Brazil mwaka 2020 waliwapa mikataba ya kulipwa wachezaji 14 wa kike, kabla ya wanaume wao kupata. Ni mfano wa kuigwa, lakini ni wa nadra. Msichana wako akiingia, aingie akijua kwamba cheti chake cha kidato cha nne ndicho kitakachomlisha kwanza.

Kwa hiyo lile neno la mzee, "kupotezea muda", lijibu kwa vitu vya kushikika, siyo kwa hotuba. Majaribio ni ya siku ngapi, na yako ndani ya likizo au katikati ya muhula? Nani mlezi wa kike atakayefuatana na wasichana, wanalala wapi, na nauli ya kurudi iko mikononi mwa nani? Nimewahi kuona kambi iliyowachukua mabinti wiki ya mitihani bila barua kwa mkuu wa shule. Mmoja wao, mdakaji hodari, hakuruhusiwa tena nyumbani kwao kugusa mpira, na siwezi kumlaumu mzazi. Waandikie Chama cha Kriketi Tanzania kupitia shule, si kwa simu ya mtu binafsi, uombe majibu hayo kwa maandishi, kisha mpelekee mzee karatasi yenyewe. Akitaka kuona kwa macho yake, siku ya mechi aje Dar es Salaam, uwanja wa Chuo Kikuu au Annadil Burhani, akae pembeni ya mpaka. Wazazi wengi wakishaona wasichana wanavyopanga uwanja wao wenyewe, nahodha akimhamisha mdakaji hatua tatu kwa kidole tu, maswali yao hubadilika.

Kuna jambo moja la uwanjani nakuomba ulifanye kabla ya majaribio, hata kama binti ni mrushaji. Usimpeleke akiwa anajua kurusha tu. Septemba 2021, kwenye michuano ya Afrika ya kufuzu kule Gaborone, Kameruni walicheza na Uganda. Kameruni walikuwa wageni kabisa na wakapigwa vibaya, lakini mrushaji wao Maeva Douma, wa miaka 16, aliwatoa wapigaji wanne wa Uganda kabla hajauachia mpira, kwa sababu walikuwa wametoka kwenye mstari mapema upande wake, akaving'oa vijiti. Sheria inaruhusu. Wengine walinuna, mimi niliona msichana mwenye macho. Timu yake ilikuwa inazidiwa, naye alikuwa bado anasoma miguu ya wapigaji. Mfundishe wako macho hayo, na akiwa yeye ndiye mpigaji wa upande wa pili, mfundishe kubaki ndani ya mstari mpaka mpira uachiwe.

Kwenye mazoezi yenyewe, punguza wavu. Weka wasichana wawili wawili katikati ya uwanja, wadakaji sita, wewe urushe taratibu. Kanuni iwe moja: kila mpira uliozuiwa lazima uitwe, hata kama wito ni wa kukataa. Aliyenyamaza ametoka, anampisha mwingine. Kwa warushaji, chora mstari kwa chokaa au majivu, mtu mmoja asimame pembeni akitazama mguu tu, na kabla ya kuongeza kasi kila mmoja arushe ova mbili bila mpira haramu hata mmoja. Mpira laini unatosha kwa haya yote. Usitumie ule mgumu wa ngozi mpaka uwe na vikinga miguu na glavu za kutosha.

Halafu tafuta mechi, hata ya ova nane, na shule yoyote iliyo karibu. Teua msichana mmoja asiyecheza awe mwandishi wa alama. Kwenye karatasi atenganishe safu tatu: mikimbio iliyokimbiwa, iliyovuka mpaka, na ya ziada. Msicheze mara moja. Rudieni na shule ile ile baada ya wiki chache, kisha nitumie karatasi zote mbili. Matokeo ya nani kashinda sitayaangalia kwanza. Nitatazama kama safu ya kukimbia imepanda na ya ziada mlizowapa wenzenu imeshuka, na hapo nitakuandikia tena tukiwa na kitu cha kuzungumza, wewe, mimi na huyo mzee.